Chibite: na ilimba mapajani hadi Chamwino

Mpenzi wa nyimbo za Hukwe Zawose, mwimbaji na mpiga ilimba wa Kigogo, akifunga begi la kwenda Ugogo, kuna vitu vinne asiache: spika ndogo ya kuchaji yenye besi, kitambaa kizito cha pamba, bonge la nta ya nyuki ukubwa wa yai, na koti. Koti ni la usiku wa Julai. Wageni wengi hufika Dodoma wakidhani nchi kavu ni nchi ya joto saa zote, kisha wanatetemeka. Nta na kitambaa ni vya ilimba niliyoipakata, yaani sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa magumba. Spika ni ya kuwapigia wazee nyimbo zake, maana simu haitoi sauti za chini, na wimbo wa Zawose ukinyimwa vile vyuma virefu unabaki mtu anaimba huku mvua ikidonda juu ya bati. Nyimbo zenyewe nimezishusha nikiwa bado mjini. Kusubiri mtandao mbele ya mzee aliyekwisha kukutolea kigoda si adabu.

Gari la Chamwino nimelipandia stendi ya Nanenane. Ni kama kilometa 35 kuelekea mashariki kwa barabara ya Morogoro, na gari huondoka likijaa, si kwa saa. Kaa mkono wa kulia. Asubuhi ya Julai jua linapanda kaskazini-mashariki, hivyo gari linaloelekea mashariki huchomwa ubavu wa kushoto. Kwa aliyebeba ilimba hili si suala la starehe. Baadhi ya vyuma vimebandikwa nta chini ya ncha ili sauti ishuke. Nta ikilainika inateleza au inadondoka, na ukifika una chombo kingine kabisa. Konda atakwambia kiweke hapa juu ya injini, hapana tabu. Tabu ipo. Ipakate, vyuma vikielekea kifuani kwako, kitambaa juu yake.

Tumepita Ihumwa, tukapita Mtumba ambako majengo ya wizara yanatazamana na vichaka vya miiba. Kijana wa kiti cha nyuma akauliza hilo sanduku lina nini. Mama aliyekaa jirani yake akanitangulia kujibu: "Ilimba hiyo, mwanangu. Ya akina Zawose."

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi, na kila mara silipingi, ingawa ilimba ilikuwepo Ugogo kabla ya ukoo huo kusikika redioni. Zawose alizaliwa Doduma, mkoa huuhuu wa Dodoma, akakua akichunga ng'ombe. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa miongoni mwa wasanii wa taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko alifundisha na kulea bendi nzima ya ndugu na watoto. Ulaya walimpata kwa santuri: Tanzania Yetu ya 1985, halafu Chibite ya 1996. Kwa wazee wa huku santuri hizo ni habari za mbali. Wao walimpata kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, redio imening'inizwa kwenye tawi, betri zimeanikwa juani mchana ili jioni zikumbuke kazi. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Na chibite ni Cigogo: twende.

Buigiri tukashusha watu wengi, gari likachepuka, na muda si mrefu tukawa Chamwino. Salamu hapa ni mbukwenyi. Mgeni anayeanza nayo, kisha akamwongezea mkubwa shikamoo yake, hupewa kivuli haraka kuliko anayeanza na maelezo.

Kivuli changu kilikuwa cha mkwaju, kwa fundi wa ilimba. Aliipokea yangu kwa mikono miwili, akaipiga konzi mgongoni kabla ya kugusa chuma hata kimoja. Mlio wa konzi humwambia kama mbao imepasuka. Sanduku la ilimba ya Kigogo zuri ni gogo moja lililochimbwa ndani, halafu likafunikwa. Mbao ikichongwa mbichi, ukame wa huku unaipasua kwenye pembe ndani ya msimu mmoja. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiba sauti za chini, na mwenye chombo atalaumu vyuma miezi na miezi. Yangu ilikuwa nzima.

Vyuma hutengenezwa kwa kinachopatikana: misumari mikubwa, spoku za baiskeli, mbavu za mwavuli, springi. Hugongwa vikawa bapa upande wa kidole, vikapangwa juu ya daraja, vikabanwa kwa chuma cha kukingama. Msumari laini ni rahisi kugonga, ila unapinda ukipigwa kwa nguvu na sauti inapanda na kushuka ovyo. Springi inashika sauti muda mrefu lakini itakutoa jasho nyundoni. Ukitaka sauti ishuke unavuta chuma kije mbele kirefuke. Ukitaka ipande unakisukuma nyuma. Kosa la wanaoanza ni kusukuma kwa kugonga ncha ile ya kuchezea. Ncha inafanya kinundu, na kinundu kinachana gumba. Gonga ubavuni, taratibu, ukisikiliza.

Ilimba ndogo ina vyuma pungufu ya 20. Kubwa, za aina aliyojulikana nayo Zawose, hupita 60. Mashabiki wa mjini huniuliza binadamu anapigaje vyuma 60 kwa magumba mawili, nami najibu kwamba hapigi. Vingine havipigwi kabisa. Vimewekwa viitikie: chuma cha jirani kikilia kwa sauti ileile, na hicho kinatetemeka chenyewe. Ule ukungu unaoelea nyuma ya sauti yake, ambao watu hudhani ni mitambo ya studio, sehemu kubwa ni vyuma hivyo visivyoguswa na mtu.

Sehemu nyingine ni buibui. Usoni pa sanduku kuna tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake. Huo ndio unaotia mkwaruzo, zzz, kila chuma kinapolia. Wangu ulikuwa umechanika njiani, pengine kwa kidole changu mwenyewe. Fundi aliingia ndani, akapekua nyuma ya mlango, akarudi na kipande kama ukucha. Hushikwa kwa ncha ya kijiti, kamwe si kwa vidole, maana jasho linaufanya ulegee. Nta nyembamba kuzunguka tundu, utando juu, halafu unapuliza kwa mbali uone kama unatetemeka. Ukiukaza mno haulii, ukiulegeza unafanya mlio wa nzi. Wako wanaotumia kipande cha mfuko wa plastiki, na mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumerudishwa kwa buibui. Nami sioni hasara. Plastiki inakwaruza kwa sauti moja tu, wakati utando unafuata chuma.

Jioni wakakusanyika watu kama kumi na wawili. Nikaweka spika juu ya kinu kilichopinduliwa. Hilo nalo ni la kukumbuka: ukiiweka kwenye mchanga besi inamezwa.

Nilitarajia waongee habari za mtu. Waliongea habari za sauti. Babu mmoja alisema alichopenda ni namna Zawose alivyoshuka hadi kifuani, kisha akachomoka juu kwa sauti nyembamba bila kupita katikati. Mwingine akasema hapana, ni izeze, zeze la Kigogo la kupigwa kwa upinde. Bibi aliyekuwa akipepeta uwele hakuinua uso: "Nyie wanaume mnamsikiliza yeye. Wanaomwitikia je?"

Hapo ndipo penye uhondo, na ndipo wapiga gitaa wanapokwama. Waitikiaji wa Kigogo hawapangi sauti kama kwaya ya kinanda. Ngazi yao inatoka ndani ya uzi wenyewe. Chukua izeze yenye uzi wa sentimeta 50, piga upinde, na uguse uzi kwa kidole bila kuukandamiza, ukipima kutoka mwisho mmoja: sentimeta 12.5 unapata sauti ya nne, maana uzi umejigawa sehemu nne sawa, 10 ya tano, 8.3 ya sita, 7.1 ya saba, 6.25 ya nane, 5.6 ya tisa. Hizo sita ndizo mali yote. Anayeongoza akishika moja, mwitikiaji anaruka moja chini yake: tisa na saba, nane na sita, saba na tano, sita na nne. Bibi alimwita mjukuu, wakaimba mstari mmoja wawili, na ghafla ua ukawa kama umejaa watu.

Ya saba ndiyo inayoleta ugomvi. Iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa kiasi cha theluthi ya nusu-toni. Mpiga kinanda akimsindikiza mwimbaji wa Kigogo atasema mama huyu anaimba nje, na mama atasema kile kinanda kibovu. Nikilazimishwa kuchagua, niko na mama.

Izeze yao ilikuwa haitoi kitu mwanzoni. Kibuyu kizima, ngozi kavu, uzi mpya wa waya uliochambuliwa kwenye breki ya baiskeli, lakini upinde unateleza kama umepakwa mafuta. Ulikuwa umepakwa kweli: mtoto aliushika kwenye katani baada ya kula. Katani ikishika mafuta haing'ati uzi. Dawa yake ni kuisugua kwa majivu, kuikung'uta, kisha kupaka ulimbo mkavu kidogokidogo. Ukipaka mwingi upinde unakoroma.

Upande wa pili wanawake walikuwa wanaziweka ngoma za muheme karibu na moto. Jua likizama ubaridi unalegeza ngozi, na ngoma iliyolia saa kumi inakuwa gunia saa moja. Hupashwa kwa joto la makaa, si kwa ndimi za moto, na hugeuzwageuzwa. Ngozi ikiungua upande mmoja inakaza upande huo tu, haitafaa tena. Muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikibanwa mapajani. Anayetaka kuisikia kwa wingi aje Julai kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, linalofanyika hapahapa Chamwino tangu 2009. Ila awahi kitanda mapema. Wageni wanaofika jioni ya mkesha wa tamasha huishia kurudi kulala mjini na kukosa ngoma za usiku.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wa huku unavutika hadi kiwiko, na asiyejua kuukata kwa kidole ajiandae kuchekwa.

Baada ya kula fundi akaomba niurudishe wimbo mmoja wa mwanzo, akataka aupige pamoja na spika. Haukukubali. Ilimba haina sauti ya kudumu ya kiwandani. Kila moja hutyuniwa kufuata koo la mwenye nayo, na yake ilikuwa juu ya ile ya Zawose kwa karibu toni nzima. Akavuta chuma cha kwanza mbele, akasikiliza, cha pili, cha tatu, hadi tisa alivyohitaji. Akaanza upya. Sasa noti zilikaa juu ya noti, bila mgongano hata mmoja, watu wakaguna kwa kuridhika.

Yeye aliacha katikati. "Kavu," akasema.

Ilikuwa kavu kweli. Alikuwa ameshusha vyuma tisa vya kupiga, akaviacha vile vya kuitikia mahali pake pa zamani. Havikusikia tena sauti yao ikiitwa, vikanyamaza. Kuvishusha vyote ni kazi ya saa nzima, na kesho kuvipandisha tena saa nyingine.

"Babu, tuvishushe?" mjukuu akauliza.

"Hiyo ni sauti yake. Mimi koo langu hili hapa." Akachukua kijiti cha chuma, akaiinamia ilimba karibu na taa, akaanza kurudisha kimoja kimoja, ubavuni, taratibu. Nikazima spika asikie vizuri. Alipofika cha sita ule ukungu ulianza kurudi.