Jinsi nilivyoinyoosha ratiba ya ujenzi wa zahanati

Ratiba ya zahanati niliyokuwa nikiisimamia katika kata moja ya Ilemela, mkoani Mwanza, iliyochorwa kwa mistari ya Gantt (kila kazi na mstari wake kwenye kalenda), ilionyesha kila kazi ingeanza lini, lakini haikusema ipi inasubiri ipi. Ndiyo maana mabati yalifika mapema huku nondo za linta, boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, zikiwa hazijanunuliwa. Niliipanga upya kwa mbinu ya njia muhimu, iliyobuniwa Marekani mwaka 1957 ili kutafuta msururu wa kazi ambao ukichelewa mradi wote unachelewa, nikiandika kando ya kila kazi ile inayoitangulia. Msururu usio na siku ya akiba ukajitokeza: msingi, kuta, linta, paa. Uzio, uliogombaniwa kila kikao, ulikuwa na nafasi tele ya kusogezwa. Zege la linta nililitengea siku 7 za kumwagiliwa maji, malipo ya nondo yakatangulizwa, na jengo likaezekwa kabla ya masika.