Gundi ya fibrini kwenye upasuaji wa tumbo: ninavyoitumia kupunguza majimaji

Katika upasuaji wa kupunguza tumbo, ngozi na mafuta yake hubanduliwa kutoka kwenye fashia, yaani utando mgumu unaofunika misuli, kuanzia juu ya kinena hadi karibu na mbavu. Mishipa midogo ya limfu hukatika, pengo hubaki, na tabaka hizo mbili husuguana kila mgonjwa anapokohoa au kuinuka kitandani. Majimaji ya manjano yanayojikusanya hapo ndiyo seroma. Gundi haiyakaushi. Kazi yake ni kushikiza tabaka zisitelezeane mpaka mwili uziunganishe wenyewe, kwa hiyo haiokoi kazi iliyofanywa ovyo kabla yake.

Chini ya kitovu huacha tabaka jembamba la mafuta juu ya fashia, maana limfu nyingi hupita humo. Kisha nadhibiti damu kikamilifu. Eneo likiendelea kuchuruzika, gundi huelea juu ya damu na kung'oka nayo. Nikiwa nimesafisha kwa dawa yenye ayodini au spiriti, nasuuza kwa salini (maji safi ya chumvi) na kukausha kwa shashi, kwa sababu dawa hizo huharibu protini za gundi.

Gundi ya fibrini huja katika mabomba mawili ya sindano yanayokutana kwenye ncha: moja la fibrinojeni, protini ya damu inayogeuka kuwa nyuzinyuzi za fibrini, na jingine la thrombini, kimeng'enya kinachoigeuza. Angalia nguvu ya thrombini kabla ya kitu kingine chochote. Ya yuniti 500 kwa mililita hugandisha ndani ya sekunde chache. Inafaa kuzuia damu, lakini hapa hukunyima nafasi ya kuipanga ngozi. Mimi hutumia ya yuniti 4, inayonipa kama dakika moja. Iliyogandishwa kwenye friza huyeyushwa katika maji yasiyozidi nyuzi 37, na kamwe si kwenye maikrowevu. Humwomba muuguzi aanze kuyeyusha wakati nashona misuli ya katikati, na ikishayeyuka hairudishwi kwenye baridi.

Kwa kunyunyiza, mililita 2 hutosha sentimita za mraba 100. Pengo la sentimita 25 kwa 20 linahitaji mililita 10. Kuongeza zaidi ni kosa linaloonekana kama uangalifu: tabaka nene huwa ukuta kati ya ngozi na fashia, na badala ya kuunganisha, hutenganisha. Nanyunyiza kutoka sentimita 10 hadi 15 mpaka uso ung'ae tu. Shinikizo la gesi lisizidi kiwango cha mtengenezaji, wala ncha isisogezwe karibu zaidi, maana gesi inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuua. Ukisita katikati, ncha huziba; badilisha ncha, usilazimishe bomba.

Meza huwa imekunjwa kiunoni kabla ya kunyunyiza. Nyuzi za kushikiza ngozi kwenye fashia nazitia mstari wa katikati kwanza, kisha gundi nainyunyiza pembeni, upande mmoja baada ya mwingine. Nashusha ngozi mara moja na kukandamiza kwa viganja bapa kwa dakika 3, bila kusugua. Ukiinua tena kuchungulia, gundi iliyokwisha kuganda haitashika. Inabidi kuifuta na kuanza upya.

Kuna pia gundi ya urethani inayotokana na lisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa upasuaji huu. Hiyo huwekwa kwa matone na hukazwa na unyevu wa mwili. Gundi ya sianoakrileti, ya jamii ya "super glue", ibaki juu ya ngozi. Ndani hukakamaa na kuchokoza tishu.

Je, gundi inaondoa haja ya mrija wa kutoa majimaji? Tafiti hazikubaliani. Kwa aliyepungua uzito mwingi, au aliyenyonywa mafuta papo hapo, bado naweka mrija na kuutoa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Nikilazimika kuchagua kati ya gundi na nyuzi za kushikiza, nachagua nyuzi. Mshipi wa tumbo huvaliwa kwa wiki kama 6.

Seroma ikijitokeza, mara nyingi tumbo hucheza kama mfuko wa maji ukiligonga. Nathibitisha kwa ultrasaundi, nasafisha ngozi, na kuvuta kwa sindano ya geji 18 sehemu ya chini iliyolala, nikiielekeza sambamba na ukuta wa tumbo ili isipenye ndani. Narudia baada ya siku chache ikijaa tena. Majimaji machafu, homa au wekundu ni maambukizi. Uvimbe unaokua haraka siku ya kwanza ni damu, na mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji. Pengo lililokwisha kujijengea utando wake halitibiki kwa sindano. Utando huo hukatwa na kutolewa.