Siku moja Mwaloni: daftari langu lina kurasa za mbele na za nyuma

Saa 11 alfajiri
Naamka mapema, si kwa utakatifu, ila mizigo ya dagaa haimsubiri mtu. Nasali huku nachochea jiko la mkaa. Sala yangu ya shukrani ina sharti moja: sitamki "asante kwa yote". Kila kitu nakitaja kwa jina. Asante maji yametoka bombani. Asante mdogo hakukohoa usiku. Asante kwa giza.

Ndiyo, giza. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inawavuta vizuri mwezi usipokuwepo. Mbalamwezi ikikolea wavuvi hutundika nyavu, na baada ya siku chache sisi wachuuzi tunakaa mikono mitupu. Waacheni washairi wausifu mwezi mpevu. Mimi namhimidi Bwana kwa usiku usioonekana hata kidole.

Saa 12 na nusu asubuhi
Nipo Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba, Mwanza. Boti za visiwani zinashusha magunia, wabebaji wanapiga kelele "pisha, pisha!", na wanunuzi wa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi tayari wanachota dagaa kiganjani na kunusa. Nami nachota. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga unawajua ukiwatia mdomoni tu. Walioanikwa juu ya chanja, mbali na ardhi, wanang'aa, na hakubaki mchanga kwenye ungo ukipepeta.

Gunia langu la leo ni la chanja. Huko Ukerewe kuna mama aliyeinama siku nzima akigeuza dagaa hawa, nami sijawahi kumwona sura. Nikamwambia nahodha, "Mwambie aliyeanika, wabeja sana, mayu, asante sana mama. Mzigo wake haukunipa kazi." Nahodha akacheka: watu wa Mwaloni wanatuma malalamiko tu, shukrani hazina msafiri. Nadhani ndivyo tunavyomfanyia Mungu pia, ila yeye hatumii nahodha.

Saa 3
Chai na chapati kwa mamantilie, halafu daftari. Kurasa za mbele nimeandika wanaonidai na ninaowadai, kama mchuuzi yeyote. Kurasa za nyuma naandika walionitendea jema: nani, kitu gani, lini. Leo yumo mama wa chanja, na kijana wa mkokoteni aliyerudi na gunia langu lililochanika, akaokota dagaa mmoja mmoja bila kuambiwa. Kurasa za nyuma zina faida moja ambayo sikuitafuta: nikimkasirikia mtu, nafunua kwanza nione kama jina lake limo. Mara nyingi limo.

Saa 6 mchana
Hapa siku ilikuwa ngumu. Mwenzangu wa meza ya tatu alipokea mzigo ulionyeshewa mvua njiani. Dagaa wamelowa, wameanza kunuka, sasa wataishia kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mtaji wenyewe ni wa kukopa. Alikaa juu ya ndoo, kanga usoni. Dada mmoja akapita akamwambia, "Mshukuru Mungu, mpendwa, uzima upo."

Maneno hayo yananichoma. Najua Paulo aliwaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo. Lakini Paulo huyo huyo aliwaandikia Warumi walie pamoja nao waliao, na hakuandika kwamba uanze kwa kumhubiria anayelia. Shukrani ni ya kutoka moyoni mwa mwenyewe. Ukimwamuru mtu ashukuru, umemfunga mdomo tu, ukaenda zako ukijiona umefariji. Mimi nilikaa kwenye ndoo ya pili. Tukachambua pamoja waliofaa na wasiofaa, hatukuongea dini. Baadaye akasema mwenyewe, "Angalau gunia moja limepona." Hapo ndipo nikasema amina.

Saa 10 jioni
Kufunga hesabu. Kabla sijagusa faida yangu nawalipa vijana waliobeba na aliyepepeta. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Asante ya mdomo kwa mtu unayemdai subira ya mshahara wake ni kelele. Bosi anayeanza na "Mungu akubariki sana kijana wangu" ujue mfuko wake hautafunguka leo.

Saa 12
Kikundi cha maombi cha akina mama. Kanisa letu ni AIC (Africa Inland Church), ambalo huku kwetu mizizi yake ni misheni ya Nassa, mwaka 1909. Somo lilikuwa Luka 17, wale kumi wenye ukoma. Kila mwaka tunawasema vibaya wale tisa. Mimi siwalaumu sana: Yesu aliwaambia waende kwa makuhani, nao walikuwa wanakwenda. Ninachokipenda ni kwamba yule Msamaria alirudi akiwa bado njiani, kabla hajapata cheti cha kuhani. Hakungoja mambo yake yakamilike.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Kama kawaida, wa kiwanja, wa mtoto kupata kazi, wa uvimbe uliopotea. Tukapiga makofi. Nikasimama nikashukuru kwa dagaa wasio na mchanga. Kimya kidogo, halafu bibi mmoja akasema kwa sauti, "Hata mimi leo nimepanda daladala nikaachiwa kiti." Basi zikafuata nyingine, na tukachelewa kutoka.

Saa 3 usiku
Watoto wamelala. Baba watoto ameshika daftari, anafunua nyuma. Amejikuta: alitengeneza mlango wa jikoni.
"Mbona niko chini ya kijana wa mkokoteni?"
"Dirisha nalo linavuja," nikamwambia.