Kabla hujachangia marumaru za kanisa la zamani

Nimerudi Moshi baada ya miaka kumi na minane, na bahasha ya ukarabati wa kanisa nimeikuta mezani kama anavyoikuta kila anayekuja Desemba. Nimezunguka parokia kadhaa za mlimani Kilimanjaro, na orodha za kamati zinafanana: lipu ya saruji ukutani, marumaru sakafuni, dari la jipsam, madirisha ya alumini. Kwenye picha za Krismasi vyote vinapendeza. Kwenye jengo la zamani, vinaweza kufungia unyevu ndani au kuficha uharibifu.

Tuanze na ukuta wenyewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890: Askofu Jean-Marie de Courmont, Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, kwa Mangi Fumba, mtawala wa Kichaga wa hapo. Kibosho ikafuata 1893. Reli ya kutoka Tanga haikufika Moshi hadi 1911, kwa hiyo kabla ya hapo mzigo mwingi wa kutoka pwani ulipanda mlimani kwa miguu ya wapagazi. Mjenzi wa wakati huo alitumia kilichokuwa karibu, yaani jiwe la volkano, udongo na mbao za msituni. Saruji kila mahali ni mazoea ya baadaye.

Usiamini macho, pima. Kwangua kiungo, yaani kile kinachoshikanisha mawe, kwa kisu mahali palipojificha, nyuma ya sakristia kwa mfano. Kikiwa cha kijivu na kisu kinateleza, ni saruji. Kikimong'onyoka, tia kipande kwenye glasi ya maji: udongo utayeyuka kuwa tope. Kisipoyeyuka, kidondoshee siki, na kikitoa mapovu kina chokaa. Fanya hivyo sehemu tano au sita, maana ukuta mmoja unaweza kuwa na viraka vya mafundi wa vizazi vitatu.

Jiwe letu jeusi halinywi maji kirahisi, kwa hiyo unyevu hutoka nje kupitia viungo. Ukiviziba kwa saruji unatafuta njia nyingine: unapanda juu, unatokea ndani, na rangi ya mafuta inavimba kama malengelenge huku unga mweupe wa chumvi ukitoka chini yake. Fundi anaitwa, anapiga lipu nyingine nzito zaidi. Baada ya masika mbili inabanduka vipande vipana, pengine na uso wa jiwe laini.

Dawa ni ya polepole. Kwangua kiungo kibovu hadi kina cha milimita 25 hivi, kwa mkono, si kwa grainda. Kisha kijaze kwa mchanganyiko huu: ndoo moja ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa mwezi au zaidi, ndoo tatu za mchanga mkali wa mto uliooshwa. Lowesha jiwe kwanza. Tabaka lisizidi milimita 10, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu na ikikaushwa na jua hugeuka vumbi. Kiungo cha udongo kilicho kizima kiacheni, mfunike mdomo wake tu.

Lakini hata chokaa ni kazi bure kama maji bado yanakuja. Angalia nje: udongo wa bustani umepanda kuliko sakafu ya ndani? Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, unapita hatua chache juu ya msingi? Kuna zege limezungushwa ukutani? Zege hilo linasukuma unyevu uingie ukutani. Livunjwe, mahali pake pachimbwe mtaro wa kokoto, na ardhi ishuke walau sentimita 5 kwa kila mita kwenda mbali na jengo.

Jipsam ndiyo inayonikera zaidi. Inaficha kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, na kenchi ndiyo inayoliwa na mchwa. Choma miguu ya kila kenchi kwa bisibisi pale inapokalia ukuta; ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Bati likibadilishwa, nunueni geji 28, si 32 iliyo nyembamba.

Marumaru nazo zinafuta alama za historia. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) padre alisali akielekea altare ya ukutani, na waamini walipiga magoti kwenye ukingo, uzio mfupi mbele ya altare, kupokea komunyo. Ukingo ulipoondolewa na altare ikasogezwa mbele, sakafu ilibaki na kovu. Litafuteni, mlipige picha, ndipo mbishane kuhusu marumaru.

Kengele: msifunge kamba kwenye ulimi na kuuvuta uguse shaba, hupasuka. Sehemu inayogongwa ikilika, kengele izungushwe robo duara.

Kwa bahasha yangu nimeandika juu yake "gata". Ni mifereji ya kukinga maji ya paa; iwekwe kabla ya Machi.