Farasi wangu alitoka punda

Mabango ya saluni na mabucha nimeyachora Mlango Mmoja, hapa Mwanza, miaka kumi na kitu. Ng'ombe namchora huku napiga stori. Akaja mzee mwenye nyumba ya wageni na picha kwenye simu: George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, juu ya farasi, shambani kwake Mount Vernon. Anaitaka mapokezi, mita mbili kwa moja na nusu. Nikajibu "hamna shida, mzee", na farasi sijawahi hata kumshika.

Kitambaa nilichukua marikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, nikakipaka gundi na rangi nyeupe. Jina lenyewe lilikuja na vitambaa vya Marekani enzi hizo, kwa hiyo Washington alikuwa kwao.

Fundi mwenzangu akanishauri: "Mchore punda, punguza masikio." Nikashinda juani nikimfuata punda wa mkokoteni, daftari mkononi, mwenye punda akidhani namkagua nimnunue. Nikachora, masikio nikakata, shingo nikanyanyua. Watoto wa shule wakasimama: "Mjomba, huyo punda kambeba nani?" Nikafuta yote. Rangi ya elfu hamsini hivi, kwaheri.

Kilichoniokoa ni kioo cha kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nikaipa picha mgongo, nikaitazama kule kwenye kioo. Makosa yote yakachomoza! Mguu wa nyuma nilikuwa nimeupa goti pasipo na goti. Ile kona inayorudi nyuma ni kisigino. Goti liko juu, karibu na tumbo. Farasi anatembea kwa ncha ya kidole kimoja, basi. Kinyozi alinifukuza mara mbili, nawazibia wateja.

Kwenye rangi tulibishana. Washington alikuwa na farasi wawili maarufu wa vita: Blueskin, wa kijivujivu cheupe, na Nelson, mwekundu wa kahawia, asiyeshtushwa na mizinga, aliyezeekea hapo hapo Mount Vernon. Mimi nilimtaka Nelson. Mzee akasema mweupe anang'aa ukutani. Hela yake, akapata mweupe.

Nyumba na nguzo zake nane zilikwenda haraka. Nguzo hizo zinatazama mto Potomac, ambao sijauona, nikachora maji ninayoyajua, ya Ziwa Victoria.

Siku ya kukabidhi mzee akasogea, akavaa miwani.

"Fundi, hili jiwe majini si Bismarck, lile la ziwani kwetu Mwanza?"

Nikamwambia ni kivuli. Akacheka, akamalizia hela iliyobaki.