Simba wa Barabara ya Banda

Mwezi uliopita nilikwenda Maktaba ya McMillan jijini Nairobi kwa shabaha moja tu: kutafuta magazeti ya wiki ya tarehe 5 Juni 1931, siku ambayo Gavana Joseph Byrne alilifungua jengo hilo rasmi, ili nione watu wa wakati ule walilielezaje. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilitoka jioni, vidole vikiwa vimegeuka rangi ya hudhurungi kwa vumbi la karatasi kuukuu, na bado sikuwa nimeufikia mwezi wa Juni.

Asiyelijua jengo hili hulitambua kwa simba. Wako wawili, wa mawe, mmoja kila upande wa ngazi zinazopanda kutoka Barabara ya Banda, na nyuma yao zimesimama nguzo nene za ukumbi wa mbele kwa ule mtindo wa Kigiriki na Kirumi ambao wakoloni waliupenda kila walipotaka jengo lao lionekane kama limekuwapo tangu enzi na enzi. Sir William Northrup McMillan, ambaye jengo linamkumbuka, hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, katika ukoo wa matajiri. Akaja Afrika Mashariki, akajipatia ardhi kubwa upande wa Juja, na mwaka 1909 akamkaribisha huko Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa kupindukia, na hadi leo watu husimulia kwamba alipofariki mwaka 1925 alitakiwa azikwe kileleni mwa Ol Donyo Sabuk, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, akazikwa pale pale lilipokwama. Kaburi lake liko ubavuni mwa mlima huo, wala halijafika kileleni.

Mjane wake, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyeamua kwamba ukumbusho wa mumewe uwe maktaba, na Carnegie Corporation ya New York nayo ikachangia. Baadaye maktaba ikawekewa sheria yake yenyewe, ambayo leo ni Sura ya 217 ya Sheria za Kenya. Ni jambo la nadra mno kwa jengo moja kulindwa na sheria yenye jina lake, na nadhani ndiyo sababu McMillan imesimama huku nyumba nyingi za rika lake katikati ya jiji zikibomolewa kupisha minara ya vioo. Mwenye tamaa ya kiwanja anaweza kumshawishi afisa mmoja. Kulishawishi bunge zima ni safari nyingine.

Lakini maktaba hiyo ya umma haikuwa ya umma. Ilikuwa ya Wazungu peke yao, na ubaguzi huo ulidumu hadi mwaka 1958, yaani miaka 27 tangu milango ifunguliwe. Jambo hili nilikuwa nikilijua kama mtu anavyojua tarehe za darasani, hadi siku ile nilipoketi karibu na dirisha na kusikia adhana ya adhuhuri kutoka Msikiti wa Jamia. Msikiti huo uko jirani kabisa, na ulijengwa kati ya 1925 na 1933, kwa hiyo Gavana Byrne alipokuwa akifungua maktaba, msikiti ulikuwa bado haujakamilika. Majengo hayo mawili yalikua pamoja kama watoto wa jirani. Fikiria basi kwamba mtu aliyeswali pale, awe Mhindi mwenye duka au Mswahili wa Pumwani, akitoka na kuvaa viatu vyake, aliziona ngazi za maktaba mbele yake na alijua kwamba si zake. Walioingia bila kuulizwa, ukiacha Wazungu, ni wale waliokwenda kufagia sakafu.

Wengi wetu tukisema jengo la kale limepewa matumizi mapya, tunamaanisha kwamba kazi yake imebadilika. Nairobi ina mifano mizuri. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, iko katika nyumba iliyokuwa ya Bank of India, na palipokuwa pakihesabiwa fedha sasa pamewekwa nyaraka pamoja na sehemu ya vitabu na sanaa alivyovikusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, iliyojengwa mwaka 1913, nayo sasa ni Nairobi Gallery, jumba la maonyesho ya sanaa. Kazi za namna hiyo zinahitaji fedha na fundi mwenye jicho, lakini kimawazo si ngumu: unatoa madawati, unaingiza makabati ya vioo, unabadilisha kibao cha mlangoni, basi. McMillan ni kesi nyingine kabisa. Kazi yake haijabadilika hata siku moja, kwani ilijengwa iwe maktaba na ni maktaba hadi leo. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuketi, na mimi naona kwamba hayo ndiyo matumizi mapya magumu kuliko yote, kwa sababu kumfungulia mtu mlango hakutoshi ikiwa ndani kila kitu kilipangwa bila yeye kufikiriwa.

Nieleze ninachomaanisha kwa kurudi kwenye yale magazeti. Majalada yake ni makubwa kama trei ya chai ya harusini, yana gamba gumu lililochakaa pembeni, na hayafunguliwi ila kwa mikono miwili. Mkutubi aliyeniletea, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinionyesha namna ya kugeuza kurasa: usishike pembe, bali pitisha kiganja chini ya ukurasa wote, uunyanyue kama unavyonyanyua chapati mbichi kutoka kwenye kibao. "Polepole, mwanangu," akasema, "hili ni kubwa kwa umri kuliko mama yangu." Hata hivyo, kila nilipogeuza, vipande vidogo vilidondoka mezani kama maganda ya vitunguu. Nilichokisoma humo kwa saa kadhaa ni nchi isiyo na watu wake. Kuna bei za kahawa, mashindano ya farasi, meli zinazofika Mombasa, na matangazo ya wanaotafuta mpishi au mtunza bustani, ambamo mwanamume mzima mwenye wake na watoto anaitwa boi. Babu zangu wamo katika magazeti hayo kama boi, au hawamo kabisa.

Vivyo hivyo kwa vitabu. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1958, msomaji Mwafrika aliyeingia kwa mara ya kwanza alikuta rafu zilizojazwa kwa miaka 27 kwa ajili ya mtu mwingine. Aliweza kusoma kuhusu bustani za Uingereza na vita vya Ulaya kadiri alivyotaka. Ruhusa ya kuingia ilipatikana kwa siku moja, lakini rafu hazibadiliki kwa siku moja, na kusema kweli hazikubadilika hata kwa miongo kadhaa iliyofuata, maana baraza la jiji lililoirithi maktaba lilikuwa na mambo mengi ya kulipia kabla ya kufika kwenye vitabu. Jengo lilizeeka, na matawi yake mawili ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, lile la Kaloleni na lile la Makadara, yakazeeka pamoja nalo.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaingia mkataba na Kaunti ya Jiji la Nairobi ili kuzifufua maktaba zote tatu. Napenda namna walivyopanga kazi yao. Mtu mwingine angeanza na nguzo na simba, maana hapo ndipo penye picha nzuri ya kuwaonyesha wafadhili. Wao walianza kuyakarabati matawi ya mitaani. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, na ukumbi wake wa kijamii ulikuwa uwanja wa siasa kabla ya uhuru. Mtoto wa huko hahitaji nauli wala ujasiri wa kupita kati ya simba wawili ili apate kitabu. Sambamba na rangi na paa waliishika ile kazi isiyoonekana: kuhesabu na kuorodhesha vitabu kimoja kimoja, kujua nini kipo na nini kinakosekana, kuongeza waandishi wa Afrika, na kupiga picha za kidijitali za magazeti na picha za zamani kabla hazijasagika. Mwaka 2022 maktaba hizo zikawa mwenyeji wa tamasha la fasihi la NBO Litfest, na kwa siku chache watu wakazungumza kwa sauti mahali palipozoea minong'ono.

Wapo wanaodai kwamba jina la McMillan lifutwe. Nawaelewa, lakini siungi mkono. Jina likifutwa, baada ya kizazi kimoja atakayezipanda ngazi zile atadhani zilijengwa kwa ajili yake tangu mwanzo, na atashindwa kuelewa kwa nini rafu za nyuma zinasema lugha ile zinayoisema. Mimi ningeacha jina na simba vilevile, kisha ningening'iniza ukutani, karibu kabisa na mlango, kanuni ya zamani iliyotaja nani aruhusiwe kuingia, kwa maandishi makubwa, na tafsiri yake ya Kiswahili chini. Na vile vitabu vya bustani za Uingereza visitupwe. Vihamishiwe chumba chao, viorodheshwe vizuri, visomwe kama ushahidi.

Saa kumi na nusu yule mama alikuja kuniambia kwamba wanakaribia kufunga. Jalada lilikuwa limefunguka katikati ya Aprili. Akachana kipande cha karatasi, akakitia kati ya kurasa, akaandika juu yake jina langu kwa penseli, na akaniambia nikirudi nije asubuhi, kwa sababu mchana wanafunzi wa vyuo hujaza meza zote na mtu mwenye jalada kubwa namna hii hukosa pa kuliweka.