Siku moja maishani mwangu: natengeneza vumbi la anga maabarani

Saa 1 asubuhi

Nikifika maabara, kitu cha kwanza ninachokiangalia ni kipimo cha shinikizo la hewa ndani ya chemba. Pampu zimefanya kazi usiku kucha, na sasa kipimo kinasoma sehemu moja ya bilioni ya milibari. Hapo ndipo ninapopataka. Hata hivyo, katika kila sentimita moja ya ujazo bado zimebaki molekuli zaidi ya milioni 20. Wingu zito kati ya nyota, kule nyota mpya zinakozaliwa, lina kama elfu 10 hadi milioni 1 tu katika nafasi hiyohiyo. Yaani ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) ninalojivunia bado limejaa kuliko wingu la angani.

Ndani ya mawingu hayo kuna vumbi. Mwaka 1930 mwanaastronomia Robert Trumpler alipima makundi ya nyota na kuonyesha kwamba mwanga wa nyota za mbali hufifishwa njiani, na kinachoufifisha ni chembe ambazo nyingi hazifiki hata mikromita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Ukilinganisha na gesi, vumbi hilo ni kama asilimia 1 tu ya uzito wote. Lakini juu ya chembe hizo ndiko atomu za hidrojeni hukutana zikawa molekuli, ndiko maji hujengeka na kuganda, na kutokana nazo sayari huundwa. Nikiulizwa kwa nini nimechagua kutumia maisha yangu kwenye vumbi, jibu langu ni hilo.

Saa 2 asubuhi

Vumbi la leo nililiandaa mapema kwa njia ya soli-jeli: viambato vya magnesiamu na silikoni huchanganywa kwenye kimiminika, huganda vikawa uteute, kisha huoshwa na kukaushwa. Kinachobaki ni unga mweupe wa silikati (madini ya silikoni na oksijeni), mwepesi mno, mlango ukifunguliwa kwa nguvu unaruka.

Nachukua chembe kidogo za unga huo, nazisaga pamoja na bromidi ya potasiamu kwenye kinu kidogo cha akiki, halafu nagandamiza kwa presi mpaka napata kidonge chembamba kinachong'aa. Bromidi ya potasiamu huipisha miale ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) bila kuifyonza, kwa hiyo ninachokiona kwenye kipimaspektra ni silikati yenyewe. Ila bromidi hiyo inapenda unyevu, na kidonge kikivuta maji kinageuka ukungu. Lazima mikono iwe myepesi.

Spektra, yaani mchoro wa kiasi cha mwanga kinachofyonzwa katika kila urefu wa wimbi, inatoka kama nilivyotarajia: mwinuko mpana, laini, karibu na mikromita 10, na mwingine karibu na 18. Atomu za silikati hii zimekaa bila mpangilio. Ningeichoma tanuruni ikawa fuwele, atomu zake zikajipanga, mwinuko huo ungegawanyika kuwa vilele vyembamba, na kimoja kingesimama karibu na mikromita 11.2. Vumbi lililotawanyika kati ya nyota linaonyesha mwinuko mpana, kilele chake kikiwa karibu na 9.7. Fuwele tunazikuta kwenye nyotamkia, mfano Hale-Bopp, na kwenye visahani vya gesi na vumbi vinavyozunguka nyota changa. Kwa hiyo kati ya wingu na kisahani, kuna kitu kiliipasha joto silikati. Mistari kwenye karatasi ndiyo inayotupa habari hiyo, lakini haiwezi kusomeka mpaka mtu aketi maabarani aipime silikati ambayo historia yake anaijua.

Saa 3 asubuhi

Nawasha kompresa ya heliamu, inayoendesha mtambo wa kupoza. Mdundo wake unaanza, na hautanyamaza mpaka jioni. Ndani ya chemba kuna kioo nilichokipaka utando wa silikati, na baada ya saa mbili hivi kitakuwa kwenye kelvini 10, sawa na nyuzi 263 chini ya sifuri.

Saa 5 asubuhi

Navaa glovu na miwani, namimina nitrojeni ya kimiminika kwenye kitambuzi cha miale ya infraredi ili kukipoza. Kisha kinakuja kile ambacho wageni hukiona ni kitu kidogo: kuifukuza hewa ya kawaida kwenye njia ya mwanga kwa kupuliza nitrojeni kavu. Leo nachunguza mkanda (eneo la spektra ambapo mwanga hufyonzwa) wa barafu ya kaboni dioksidi ulio kwenye mikromita 15.2, na kaboni dioksidi ya hewani ina mstari wake mkali karibu kabisa na hapo. Pumzi yangu mwenyewe nikiinama juu ya kifuniko inatosha kuuchafua. Ni gesi hiyohiyo inayoziba mkanda huu kwa darubini zilizo ardhini, ndiyo maana vipimo vya angani vimetoka kwenye darubini ya Spitzer iliyorushwa mwaka 2003, na sasa vinatoka kwenye James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021.

Saa 6 mchana

Nafungua vali ya sindano taratibu. Mchanganyiko wa sehemu 4 za mvuke wa maji kwa sehemu 1 ya kaboni dioksidi unaingia na kuganda papo hapo juu ya silikati. Kwenye skrini, mkanda wa maji wa mikromita 3.05 unakua, wa kaboni dioksidi wa 4.27 unafuata. Nafunga vali barafu ikiwa bado haijafika unene wa mikromita 1.

Chakula nakila kwa haraka.

Saa 8 mchana

Sasa ndipo penye utamu. Napandisha joto kelvini 1 kila dakika na kuchukua spektra mfululizo. Kwenye kelvini 10 mkanda wa mikromita 15.2 ni mmoja, mpana, umeegemea upande wa mawimbi marefu. Kwenye 40 bado uko vilevile. Ukipita 50, juu ya kilele panaanza kubonyea. Dakika chache baadaye bonde linaonekana wazi, na pale palipokuwa na kilele kimoja pamesimama viwili, kimoja karibu na 15.15 na kingine karibu na 15.27.

Kilichotokea ni kwamba molekuli za kaboni dioksidi, zilizokuwa zimetawanyika katikati ya maji, zimepata nguvu ya kusogea, zimekutana na kujikusanya peke yake. Zikiwa peke yake, mtetemo wao wa kujikunja hugawanyika mara mbili.

Narudisha joto hadi kelvini 10. Vilele viwili vinabaki. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alijue: barafu ya angani inatunza kumbukumbu ya joto ililowahi kulipata, hata ikipoa tena. Spitzer iliviona vilele hivi kuzunguka nyota changa. Nyota hizo humeza gesi kwa mafungu, zikawaka ghafla kisha zikafifia, na barafu inayozizunguka hubaki na alama. Kule muda ni mrefu mno, kwa hiyo utengano hutokea kwenye baridi zaidi kuliko hapa kwetu, karibu na kelvini 30.

Saa 10 jioni

Naendelea kupasha. Karibu na kelvini 140 maji yanakuwa fuwele na mkanda wa 3.05 unajikaza. Karibu na 160 barafu inaondoka, na kipimamasi (kifaa kinachotambua gesi kwa uzito wa molekuli zake) kinaonyesha kaboni dioksidi iliyokuwa imenaswa ikitoka pamoja nayo. Kwenye kelvini 200 bado kuna mkanda hafifu wa maji: sehemu yake imeng'ang'ania kwenye silikati. Mkanda huo mdogo naupenda, kwa sababu maji ya namna hiyo yanaweza kustahimili joto karibu na nyota na kuingia ndani ya mawe yanayojenga sayari.

Saa 12 jioni

Nalinganisha spektra zangu na za darubini. Hapa nina msimamo mkali: siziamini hesabu zinazochanganya spektra nyingi za maabara mpaka mstari ufanane. Ukiwa na viambato vya kutosha, chochote kitafanana. Isitoshe, umbo na ukubwa wa chembe peke yake vinaweza kusogeza kilele. Natumia viambato vichache, na kila kimoja lazima kiwe na sababu ya kuwepo.

Nahifadhi data ghafi pamoja na unene wa barafu, joto na kasi ya kupasha, ili mwingine aweze kurudia. Kesho mchanganyiko utaongezwa methanoli (aina ya alkoholi), kwa kuwa barafu ya kuzunguka nyota changa inayo, na nataka kuona kama vilele viwili vitajitokeza kwenye joto lilelile.